Sheria ya Wakimbizi Imebadilika: Kaunti Zetu Zisimame Wapi?

Hotuba kwa wawakilishi wadi, maofisa wa bajeti na makarani wa leseni, Kisumu

Mheshimiwa Spika, waheshimiwa wawakilishi wadi, maofisa wa idara, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie msimamo wa kaunti kuhusu mabadiliko ya sheria za wakimbizi na uhamiaji. Nianze na lile lisilowezekana, tuliweke kando mapema. Hakuna kaunti nchini Kenya yenye uwezo wa kumkubali mkimbizi wala kumkataa. Jedwali la Nne la Katiba limeuweka uhamiaji na uraia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Bunge la kaunti likipitisha hoja kwamba wakimbizi hawatakiwi Kisumu, hoja hiyo haina nguvu ya kisheria hata ikishangiliwa vipi. Likipitisha kwamba wote wanakaribishwa, nayo pia haina nguvu.

Lakini sehemu ya pili ya jedwali hilohilo imetupa sisi masoko, leseni za biashara, zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi, maji na uzoaji wa taka. Mkimbizi akishatambuliwa na serikali ya kitaifa, sehemu kubwa ya maisha yake inapitia kwenye madirisha yetu. Karani anayesema "ndiyo" au "rudi kesho" ni wetu. Muuguzi ni wetu. Kanjo anayekagua leseni sokoni ni wetu. Kwa hiyo tutake tusitake, kaunti tayari ina msimamo. Kwa sasa msimamo huo unaamuliwa na karani mmojammoja, kila mmoja kwa namna yake.

Ushauri wangu ni huu, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: tuunge mkono haki ya mkimbizi ya kufanya kazi, tukatae kubebeshwa majukumu yasiyo na fedha, na tuyarekebishe wenyewe yale yaliyo ndani ya uwezo wetu bila kungoja Nairobi.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi mijini wahamie Dadaab na Kakuma. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo katika kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Desemba 2014 Bunge likarekebisha sheria za usalama na kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakitupilia mbali kikomo hicho, kwa kuwa nchi ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo, na kukitekeleza kungemaanisha kuwarudisha watu kwenye hatari waliyoikimbia. Nawatajia kesi hizi mbili kwa sababu hadi leo wapo wanaosimama jukwaani na kupendekeza yaleyale, ati wahesabiwe, waliozidi warudishwe. Hayo yalishajaribiwa, yakaanguka mahakamani.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitiwa saini Novemba mwaka huo na kuanza kutumika Februari 2022. Iliifuta ile ya 2006 na kuunda ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi pamoja na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kanuni zake za jumla zilifuata mwaka wa 2024. Kwetu sisi kifungu cha kukisoma na kukirudia ni cha 28. Kinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara, peke yake au katika kikundi, na kuendesha taaluma yake iwapo vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka husika hapa Kenya. Kisha kinasema mkimbizi awezeshwe kuchangia uchumi kwa kurahisishiwa kupata nyaraka zinazohitajika katika ngazi zote mbili za serikali. Ngazi zote mbili, waheshimiwa. Ngazi ya pili ni hii yetu, na leseni ya biashara ni mojawapo ya nyaraka hizo.

Halafu ukaja Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025. Lengo lake ni kuzigeuza kambi za Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, na Dadaab, ya 1991, kuwa miji ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia hospitali moja, shule moja na soko moja. Mpango umejengwa juu ya Turkana na Garissa, na hilo linaeleweka, maana wakimbizi wengi wako huko. Kenya ina zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000, na wanaoishi mijini ni sehemu ndogo tu yao.

Kasoro yake kwetu iko barabarani. Mtu anayetoka Kakuma hupitia Lodwar, akashuka Kitale, akafika Eldoret, kisha akaelekea Nakuru au Kisumu. Mwaka wa 2025 mgao wa chakula kambini ulipopunguzwa sana kwa sababu ya upungufu wa ufadhili, mwenye jamaa mjini alikuwa na sababu ya kumfuata. Sheria mpya inamwambia afanye kazi, na kazi ziko mijini. Trans Nzoia, Uasin Gishu, Nakuru na Kisumu haziko katikati ya mpango, lakini ziko kwenye njia. Fedha zikifuata ramani ya kambi, na watu wakifuata barabara, kaunti za njiani ndizo zitakazolipa tofauti.

Sasa twende dirishani, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Karani wa leseni hukutana na watu wa aina tano, na wote huwaita "wageni". Wa kwanza ana kitambulisho cha mkimbizi. Huyu ameshatambuliwa, amefikisha miaka 18, na haki za kifungu cha 28 ni zake. Wa pili ni mwomba hifadhi. Anayo pasi au karatasi ya usajili, kesi yake bado inasikilizwa. Ana haki ya kubaki nchini hadi uamuzi utoke, lakini haki ya biashara haijamfikia kwa ukamilifu, kwa hiyo karani asimchanganye na yule wa kwanza. Wa tatu ni mgeni wa kawaida mwenye kibali cha kazi au cha uwekezaji. Huyu hana uhusiano wowote na sheria ya wakimbizi. Wa nne ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyeingia kwa kitambulisho chake au pasipoti, na kwetu huyu ni Mganda aliyevuka Busia au Malaba kwa shughuli zake.

Wa tano si mgeni hata kidogo. Ni Mkenya aliyecheleweshewa kitambulisho. Wanubi wa Kibos, hapa hapa Kisumu, wanaijua adha hiyo, na kumwelekeza mmoja wao kwa Idara ya Wakimbizi ni tusi lenye muhuri wa ofisi. Shida yake ni ya ofisi ya usajili wa watu. Kwetu asubiri akiwa Mkenya.

Chukueni mfano wa fundi cherehani Mkongo, mwenye kitambulisho cha mkimbizi, anayetaka kibanda karibu na soko la Kibuye. Atahitaji nambari ya kodi ya KRA, makubaliano ya kibanda, ada kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya kaunti, kisha leseni. Anafika dirishani. Fomu ina kisanduku cha "nambari ya kitambulisho". Ikiwa mfumo umetengenezwa kuitafuta nambari hiyo katika sajili ya raia, nambari ya mkimbizi haitapatikana kamwe. Karani anaona maandishi mekundu, anamwambia "mfumo umekataa", anaita mwingine. Karani hakumchukia mtu. Mfumo haukupewa njia ya pili.

Kinachofuata kila ofisa wa mapato anakijua. Fundi anatafuta Mkenya, anamlipa kitu kidogo, leseni inatoka kwa jina la Mkenya huyo. Siku kanjo wakipita, jina lililo kwenye leseni si la aliyekaa kwenye cherehani, na hapo mlango wa hongo umefunguka. Mwaka wa pili mwenye jina anadai kibanda ni chake, na kwenye karatasi ni chake kweli. Kaunti nayo inabaki na sajili ya wafanyabiashara isiyosema ukweli, na sajili ya uongo haiwezi kumsaidia ofisa wa bajeti kukadiria chochote. Hasara zote hizi zinatokana na kisanduku kimoja.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na hapa nataka wanasheria wa kaunti wanisikilize. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ina kibali cha kazi cha daraja la M, kwa ajili ya mkimbizi aliyetambuliwa na mwenzi wake. Hakina ada. Kwa karatasi, basi, hakuna shida. Kwa vitendo mwajiri anamwambia mkimbizi alete kibali kwanza, na ofisi ya vibali inamwambia alete barua ya mwajiri, au ushahidi wa biashara, pamoja na barua ya Idara ya Wakimbizi. Anayetaka kujiajiri anaambiwa na kaunti alete kibali ndipo apewe leseni, na anayeomba kibali anaulizwa leseni iko wapi. Ni kuku na yai, na anayezunguka ni maskini mwenye nauli ya siku moja.

Je, kaunti inaweza kutoa leseni kabla ya kibali? Kwa maoni yangu, inaweza kumfungulia njia bila kuvunja sheria ya mtu. Leseni ya kaunti inasimamia mahali na aina ya biashara: kibanda kiko wapi, ni cha nini, kimelipiwa kiasi gani. Haimpi mtu ruhusa ya kukaa nchini, wala kaunti si mwajiri wake. Lakini sipendi karani abebe hatari peke yake. Kwa hiyo nashauri hatua mbili zinazokwenda pamoja. Kaunti imwandikie Kamishna wa Wakimbizi, nakala kwa Mkurugenzi wa Uhamiaji, ikiuliza kwa maandishi kama kitambulisho cha mkimbizi kinatosha kwa leseni ya biashara ndogo chini ya kifungu cha 28. Jibu likingojewa, kaunti itoe barua ya kukubali ombi, yenye masharti, ambayo mwombaji ataipeleka kuwa ushahidi wa biashara anapoomba kibali cha daraja la M. Barua hiyo haigharimu kitu, na inaukata mzunguko katika sehemu iliyo chini ya mamlaka yetu.

Na angalizo moja. Udhibiti wa taaluma si wa kaunti. Katiba imeuondoa waziwazi kwenye leseni zetu. Daktari au mwanasheria mkimbizi ana bodi yake ya kumpima. Tusimpe leseni ya kliniki kwa huruma.

Nije kwenye jambo ambalo magharibi mwa Kenya linatugusa kuliko kaunti nyingi. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Maana yake ni kwamba mataifa matatu yanayotoa wakimbizi wengi zaidi walioko Kenya sasa ni wanachama wenzetu. Sheria ya 2021 iliona hali hii mapema. Inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Jumuiya aiache hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kufaidi haki za Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010.

Wengi wanaisifu njia hii, na upande wa biashara una maana. Raia wa Jumuiya huingia bila viza na kupewa pasi ya hadi miezi 6, na mfanyabiashara mdogo wa Busia anaweza kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachojazwa palepale mpakani. Lakini sikilizeni kinachopotea. Anayeiacha hadhi ya ukimbizi anauacha pia ulinzi wa kutorudishwa alikokimbia. Ili awe raia wa Jumuiya kwa vitendo anahitaji pasipoti ya nchi yake, na pasipoti inatolewa na serikali ileile ambayo pengine ndiyo iliyomfukuza. Kutafuta kazi kwa itifaki nako kuna kibali chake na ratiba yake. Isitoshe, uanachama wa nchi kwenye karatasi na utekelezaji wake mpakani ni vitu viwili; Somalia na Kongo bado ziko mwanzoni.

Kwa hiyo maofisa wetu wa biashara wasimshauri mtu yeyote "achana na ukimbizi, uwe tu wa Jumuiya" kwa sababu inawarahisishia fomu. Uamuzi huo unahitaji mwanasheria. Msimamo wa kaunti uwe hivi: hiari ibaki kuwa hiari kweli, kuacha hadhi kufanyike kwa maandishi mbele ya ofisa wa Idara, na mtu apewe muda wa kubadili nia. Hilo tulipendekeze kwenye kanuni.

Afya nitaipitia haraka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kimesema mtu; hakikusema raia. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii inamtaka kila kaya kuchangia asilimia 2.75 ya mapato, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi; asiye Mkenya aliyeishi nchini zaidi ya miezi 12 anahusika pia. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hazilipiwi na mgonjwa, mradi awe amesajiliwa. Asiyesajiliwa hukaa nyumbani hadi azidiwe, kisha analetwa hospitali kubwa kama dharura, na bili ya dharura isiyo na bima inabaki mikononi mwa hospitali. Hesabu hiyo inatosha kumshawishi hata asiyependa wageni kwamba usajili kwenye zahanati ni nafuu.

Kuhusu vizazi nitakaa kidogo zaidi, maana kosa lake hudumu maisha yote. Sheria yetu ya usajili wa vizazi na vifo inataka kila mtoto anayezaliwa Kenya asajiliwe, wazazi wawe raia au wasiwe. Taarifa ya kuzaliwa huandikwa hospitalini, na ikipita miezi 6 usajili unakuwa wa kuchelewa, wenye maswali mengi zaidi. Muuguzi akikataa kuijaza kwa sababu mama hana kitambulisho cha Kenya, anavunja sheria. Akiandika jina la mama kama alivyolisikia badala ya lilivyo kwenye hati ya ukimbizi, mtoto atakwama darasani miaka mingi baadaye, jina la cheti likikataa kuoana na jina la familia. Dawa ni fupi: jina linakiliwe herufi kwa herufi kutoka kwenye hati, na mama asomewe kabla ya muhuri. Na kwa wanaohofia kwamba cheti cha kuzaliwa kinampa mtoto uraia wa Kenya: hakimpi. Uraia wa kuzaliwa unafuata baba au mama Mkenya, isipokuwa kwa mtoto wa kuokotwa anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye wazazi wake hawajulikani.

Chekechea ni yetu yote, kuanzia mwalimu hadi madawati, na hapo ndipo fedha zinapoingia.

Mgao wa kaunti kutoka Hazina ya Taifa hutegemea kwa sehemu idadi ya watu, na idadi inayotumika ni ya sensa ya 2019. Kisumu ilihesabiwa watu 1,155,574, Nakuru 2,162,202, Busia 893,681. Aliyefika baada ya usiku ule wa Agosti 2019 hayumo, awe mkimbizi au Mkenya aliyehamia. Fedha za wafadhili kwa ajili ya wakimbizi huja kama ruzuku yenye masharti kupitia sheria ya mgao wa ziada kwa serikali za kaunti. Kaunti isiyo na kambi na isiyo na takwimu haina cha kuonyesha ili iingizwe humo.

Basi tuwe na takwimu. Tuiombe Idara ya Huduma kwa Wakimbizi idadi kwa wadi na kwa rika, bila majina, bila nambari za simu, bila anwani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana, na orodha ya majina ya wakimbizi ikivuja inaweza kumfikia yule waliyemkimbia. Idadi peke yake inatosha kufanya hesabu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, wadi tatu za mjini zina watoto 240 wa umri wa chekechea. Tukiweka watoto 30 kwa mwalimu mmoja, hao ni walimu 8. Ofisa wa bajeti azidishe kwa mshahara wa mwaka, aongeze madarasa, vyoo na uji, apate jumla. Nambari hiyo ndiyo inayobadilisha mazungumzo na Nairobi. "Tumelemewa" ni malalamiko. "Walimu 8 na madarasa 8, gharama hii, kifungu hiki" ni dai.

Kalenda mnaijua, lakini nitaitaja kwa sababu kila mwaka kuna idara inayoikosa. Waraka wa bajeti hutoka kabla ya 30 Agosti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kabla ya 1 Septemba. Mkakati wa fedha ni 28 Februari, makadirio ni 30 Aprili. Jambo lisilokuwa kwenye mpango wa Septemba huwezi kuliingiza Aprili kwa nguvu ya sauti. Na kama halimo katika mpango wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027, litafutieni mahali ndani ya programu iliyopo, mathalani chekechea za mjini au masoko, badala ya kulianzishia jina jipya litakalokosa mlezi.

Sasa, msimamo wetu utafikaje kwenye sheria ya kitaifa? Nitasema bila kuficha: hotuba za matangani hazifiki. Waheshimiwa, mnajua jinsi tunavyopenda kutoa matamko kwenye mazishi Jumamosi. Jumatatu hakuna karani wa Bunge aliyeyaandika popote.

Kinachofika ni memoranda iliyoandikwa vizuri na kuwasilishwa kwa wakati. Ikiwa ni mswada, kamati ya Bunge au Seneti hutangaza magazetini na kupokea maoni chini ya kifungu cha 118 cha Katiba. Ikiwa ni kanuni, njia ni tofauti na hapo kaunti nyingi hupotea. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni ashauriane kwanza na wanaoathirika, na pale kanuni inapoleta gharama kubwa, aandae taarifa ya athari zake. Ikishachapishwa, kanuni hupelekwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipopelekwa, inapoteza nguvu. Kamati nayo ina siku 28 za kuichunguza, na zikipita bila ripoti, kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti. Hizo siku 28 ndizo dirisha letu, na kaunti inayosubiri hadi mjadala upambe moto redioni hulikuta limefungwa.

Memoranda nzuri haizidi kurasa tano. Kwa kila pendekezo itaje nambari ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno tunayoyataka, msingi wake katika Katiba, na gharama kwa kaunti kwa mwaka. Mfano: sheria inampa waziri uwezo wa kutangaza maeneo ya kukaa wakimbizi kupitia Gazeti la Serikali. Sisi tupendekeze maneno haya: "Waziri hatatangaza eneo ndani ya kaunti yoyote kabla ya kushauriana kwa maandishi na serikali ya kaunti hiyo, na tangazo litaambatana na makadirio ya gharama na chanzo cha fedha." Sentensi moja, na kifungu cha 189 cha Katiba, kinachozitaka serikali mbili zishirikiane, kiko nyuma yake. Ikiwekwa sahihi na magavana wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ukanda wa Ziwa kwa pamoja, haitawekwa kapuni kirahisi.

Tukipuuzwa, Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 inatutaka tujaribu mazungumzo kwanza, tutangaze rasmi kwamba kuna mgogoro, tupitie kamati ya kiufundi au mkutano wa Rais na magavana, ndipo twende kortini. Kaunti inayoruka hatua hizi hurudishwa na jaji mlangoni, ada ya wakili ikiwa imeshalipwa.

Mtaulizwa kuhusu ardhi, na hapa jibu ni jepesi kuliko hofu. Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na shamba la kilimo lina vizuizi vyake zaidi. Mkimbizi hatachukua shamba la mtu Nyando. Kuhusu ushindani sokoni, sitawadanganya: upo, hasa ushonaji, vinyozi na uchuuzi. Lakini anayelipa leseni, ada ya soko na kodi ya kibanda anashindana kwa bei inayofanana na ya jirani. Anayefanya biashara uchochoroni kwa jina la mwingine ndiye anayeuza chini ya bei. Na tukumbuke kwamba Januari 2008 watu wa eneo hili walivuka Busia na Malaba kwa maelfu wakaingia Uganda, na walipokelewa kama wakimbizi.

Rasimu ya waraka wa ndani iko mbele yenu, ukurasa mmoja. Inawaagiza makarani wakubali kitambulisho cha mkimbizi kuwa kitambulisho halali, inaeleza zile aina tano za watu, inaweka barua ya kukubali ombi, na inakataza kukusanya majina kwa ajili ya takwimu. Nafasi ya idara zenu imeachwa chini. Maoni yamfikie mwanasheria wa kaunti kabla ya waraka wa bajeti kutoka, na barua ya kwenda kwa Kamishna iondoke wiki hiyohiyo. Idara ya biashara ianze na kile kisanduku cha fomu: kiwekewe chaguo la aina ya hati kabla ya nambari, na mfumo uache kuitafuta nambari ya mkimbizi katika sajili ya raia. Kazi hiyo haihitaji Bunge lolote, inahitaji mtu wa TEHAMA na sahihi ya mkuu wa idara.

Nakaribisha maswali, tuanze na makarani.